Daftari la Mchango

Ni daftari la kurasa thelathini na mbili,
jalada la bluu, nyuma jedwali la kuzidisha.
Baba alilipigia mistari kwa ubavu wa Biblia:
jina, kiasi, sahihi.

Ukurasa wa kwanza, Agosti, mvua ikigonga hema la kuazima:
Lihanda, jogoo mmoja
(alinadiwa mara tatu, kila aliyemnunua akamrudisha mezani).
Mama Vugutsa, mia mbili na hamsini.
Kwaya ya Kanisa la Marafiki, elfu moja na sahani.
Kisia wa kinu cha kusaga, "nitaleta."
Hakuleta. Lakini jina lake limo,
na yeye ndiye wa kwanza kuniuliza
digrii yetu imefika wapi.

Yetu. Husema hivyo, nami sina jibu,
maana jogoo ni jogoo.

Njoro, mwaka wa pili, tulipogoma kwa ajili ya maji,
wenye maduka walifunga milango kabla hatujafika barabarani.
Mama wa viazi, aliyenikopesha jana yake,
alinitazama kama ng'ombe wa jirani aliyeingia mahindini.
"Kodi zetu," alisema, "zinasomesha mawe."
Sikuwa na jiwe. Nilikuwa nimebeba ndoo.

Siku ya mahafali baba alivaa koti la shemeji yake.
Alishika pindo la joho langu, akalisugua kwa vidole,
akauliza litarudishwa lini.
Saa kumi, nikamwambia.
"Basi tupige picha mapema."

Sasa nafyatua matofali bondeni.
Udongo haukuulizi ulisomea nini.
Watu huuliza. Hupita wakienda soko la Chavakali:
"Profesa! Tofali lina kona ngapi?"
Nane, najibu, na tunacheka wote,
wao wakiendelea kucheka hadi juu kilimani.
Kijana wa Indasi aliachia darasa la saba, ana pikipiki mbili;
hutajwa kila penye chai.
"Elimu ni bahari," alisema mmoja wao,
"na huyu wetu alizama ufukoni."
Hata baba, jioni, huzima redio
wanapoanza kusoma nafasi za kazi.

Ila walipogombania mpaka, ukoo mzima kwa mapanga,
nani aliitwa usiku kusoma ramani?
Niliisoma kwa tochi, magoti kwenye umande,
nikawaonyesha mstari ulipopita, kati ya mikaratusi miwili.
Walinipa mkungu wa ndizi.
Asubuhi nikawa Profesa tena.

Jumamosi iliyopita walikuja watatu.
Musimbi, bintiye Kagai, ameitwa Maseno.
Mkutano ni Jumapili, baada ya ibada.
Nikadhani wamekuja kuniomba nikae mbali,
nisimtie mtoto mkosi.
Lihanda akakohoa.
"Una mwandiko mzuri," akasema. "Tunataka katibu."
Kwapani alikuwa na jogoo, mweusi huyu,
tayari amefungwa miguu.

Nikamuuliza: baada ya yote mnayoyasema?
"Kusema ni kusema," akajibu,
akamhamishia jogoo kwapa la pili.

Nimenunua daftari. Bei imepanda, kurasa ni zilezile.
Mistari nimeipiga kwa ubao wa kalibu ya matofali,
kwa hiyo imepinda kidogo upande wa kulia.
Mstari wa kwanza nimeujaza mwenyewe kabla hawajafika:
majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti.
Kiasi: matofali mia nne, mwenye kujenga ayanunue.
Na pale pa sahihi, kabla wino haujakauka,
kidole gumba kikaacha udongo,
alama kamili, kama ya mtu asiyejua kuandika.
Sijaifuta.

Mstari wa pili ni wa Kisia.
Ametuma mtoto: nimwandike.
Ataleta.